Mjasiriamali wa Gereji ya Mkewe

Mwezi wa tatu Duane Torvik wa Pelby, Minnesota, alikwenda semina ya siku tatu hotelini akiwa mtu asiye na kazi, akarudi akiwa mjasiriamali. Biashara hakuwa nayo. Bidhaa hakuwa nayo. Alikuwa na kadi mia tano zenye jina lake na cheo cha Mkurugenzi Mkuu, kizibao chenye nembo kifuani, na daftari alimoandika kwa herufi kubwa kwamba matajiri wote wakubwa walianzia gerejini.

Hapo ndipo balaa lilipoanza, kwa sababu gereji ya nyumba yao ilikuwa na mwenyewe. Kwa miaka kumi na tisa mkewe, Marlys, alikuwa akishonea humo viti na maturubai ya boti. Mashine yake ya chuma, nzito kama ndama, ilisimama katikati, na mlango ulikuwa mpana kiasi cha mteja kurudisha trela nyuma mpaka ndani, boti ikapimwa hapo hapo. Magari yao yalilala nje kwenye theluji, na hakuna aliyelalamika. Watu wa Pelby hawakuwahi kuiita kazi ile biashara. Walisema tu, "Mpelekee Marlys."

"Mke wangu, nahitaji gereji," Duane alisema mezani huku akijipakulia viazi na nyama ya kusaga iliyotoka kwenye oveni.

"Ya nini?"

"Ya kuanzia."

"Kuanzia nini?"

"Unaona? Maswali kama hayo ndiyo yaliyokufanya usiwe mjasiriamali mpaka leo. Wewe unafanya kazi tu, Marlys. Mjasiriamali ana maono."

Mwanamke wa kwingine angemrushia bakuli. Marlys alilelewa na Walutheri wa Minnesota, watu ambao hata nyumba ikiteketea husema ingekuwa mbaya zaidi. Akajibu, "Haya, hilo nalo ni wazo," maneno ambayo kwa watu wa kule ni tusi kamili, lakini Duane siku hizo alikuwa hasikii tusi wala ushauri. Na Marlys naye alaumiwe, maana angesema hapana siku ile, yote yangeishia pale mezani.

Marlys akahamia kwenye kibanda cha kuvulia samaki juu ya barafu, kile ambacho ziwa likiyeyuka huvutwa na kutupwa uani mpaka baridi irudi. Humo mtu hukaa na ndoo yake, basi, nafasi imekwisha. Mashine iliingia baada ya mlango kung'olewa na kurudishwa. Turubai refu ilibidi lilale nusu ndani, nusu kwenye majani, na mvua ikianza Marlys alilivuta lote juu ya mapaja, akangoja. Ulikuwa mwezi wa nne. Kila mwenye boti alitaka vitu vyake kabla ya Jumamosi ya kufungua msimu wa uvuvi, mwezi wa tano, siku ambayo kule hata harusi haipangwi. Marlys hakuwahi kumchelewesha mtu hata mmoja. Sasa aliogopa, na vidole vilimvimba kwa baridi, na moyoni alimchukia mumewe kwa saa nzima nzima, kisha akajionea haya, kisha akamchukia tena.

Gerejini Duane alipaka ukuta rangi nyeupe, akaweka ubao wenye magurudumu, akachora mishale. Mishale ilitoka kwenye duara hili kwenda duara lile, na katika maduara yote hapakuwa na kitu.

Virgil Haugdahl, jirani yao, alikuja kuulizia viti vyake vya boti.

"Shemeji yuko wapi?"

"Yuko nyuma. Karibu makao makuu, bwana."

Virgil alitazama ubao, akatazama kizibao. "Mnatengeneza nini humu?"

"Suluhisho."

"La tatizo gani?"

"Hiyo ni hatua ya pili."

"Ahaa," Virgil akasema, akazunguka nyuma ya nyumba.

Alhamisi, siku mbili kabla ya msimu kufunguliwa, kamati ya maendeleo ya mji ilikuja kumkagua Duane, maana alikuwa ameomba tuzo ya Mjasiriamali Mpya. Walikuwa watatu, wakiongozwa na Bi Corrine Amdahl, mama wa skafu na tabasamu lisilochoka. Walipenda sana gereji. Waliupenda ubao. Kisha Bi Corrine akaomba, kwa heshima zote, aonyeshwe kitu chochote kinachoshikika.

Duane akatoka mbio mpaka kibandani. Marlys alikuwa anamalizia kwa mkono kiti cha mwisho cha Virgil, cha bluu. Kazi nyingine zote alikuwa amezikamilisha tangu jana yake, zimekunjwa na kupangwa humo humo mpaka darini. Duane akampokonya kiti na sindano ikining'inia, akakimbia nacho. Marlys akamfuata, na akasikia kwa masikio yake mwenyewe.

"Hii ndiyo bidhaa yetu ya kwanza. Nimeibuni mimi. Mke wangu hunisaidia kushona."

"Na kwa maoni yako," aliuliza Bi Corrine, "nini hasa kinamfanya mtu kuwa mjasiriamali?"

"Kuthubutu kuanza bila kitu," Duane akasema, na kamati ikampigia makofi.

Hunisaidia! Miaka kumi na tisa, na kibanda kile, na vidole vile. Marlys alingoja mpaka mumewe akabidhiwe kibao cha tuzo walichokuja nacho tayari kina jina lake, wageni waondoke, ndipo akaichukua ile sindano inayoning'inia na kumwekea kiganjani.

"Upande mmoja bado," akasema. "Maliza, Mkurugenzi."

Akakifunga kibanda kwa kufuli, ufunguo akautia mfukoni mwa aproni, akaingia ndani kunywa kahawa.

Ijumaa wanaume kumi na mmoja walijipanga na trela zao mbele ya gereji. Walimkuta Duane ameshika kiti cha bluu alichokipasua akijaribu kukimaliza, sponji imetoka nje kama utumbo. Walimsalimu, wakasema hali ya hewa si mbaya. Wakangoja. Walingoja kwa adabu ile ya kwao inayoweza kumuua mtu. Mwishowe Duane akaingia jikoni, jasho likimtoka.

"Marlys, nipe ufunguo. Watu wamejaa."

"Ufunguo wa kampuni yako?"

"Usinitende hivi mbele za watu."

"Mbele za watu ndiko ulikoanzia wewe. Nenda ukawaambie ni nani anayeshona. Ukishasema, ufunguo nauleta mwenyewe."

"Nitazungumza na kamati, wiki ijayo, nitawaeleza vizuri..."

"Boti zinaingia majini kesho, Duane."

Duane akautazama mfuko wa aproni. Kisha akatoka. Marlys alifungua dirisha la jikoni ili asikie, na safari hii hakuona haya yoyote.

"Jamani," Duane alisema, akakohoa. "Hivi vitu vyenu, anayeshona ni Marlys. Tangu zamani ni yeye. Mimi sijashona hata kimoja. Mimi kwa kweli sina ninachotengeneza."

Wanaume wote wakatazama viatu vyao. Virgil akakipokea kile kiti kilichopasuka, akakikagua pande zote, akamgeukia Duane na kusema kwa upole mkubwa, na upole ule ndio uliomkata:

"Hilo tunalijua wote, ndugu yangu. Hebu sogeza ubao wako, tuirudishe mashine ya shemeji mahali pake."

Duane akausogeza.