Nyasi tulizomtandikia rubani

Leo mzee wa watu kaniomba msamaha kwa kosa langu mwenyewe.

Nimemkuta mgahawani hapa Miembeni, akanitambua. Ni yule rubani aliyetua kwa kishindo kijijini kwetu Muleba, enzi za ujamaa.

(Wengi wenu hamkuwa mmezaliwa.)

Ndege ndogo ilikuwa inatuletea daktari. Kiwanja chenyewe kifupi, cha nyasi. Mimi na kimbelembele changu cha usichana nikawaambia wenzangu tutandike nyasi mbichi, kama tunavyomtandikia mgeni sebuleni.

Tukafunika hata mawe meupe yaliyomwonyesha rubani kiwanja kinaanzia wapi.

Akatua kabla ya kiwanja, juu ya tuta. Daktari akavunjika mguu. Rubani akaachishwa kazi.

Sisi tukazoa nyasi zetu kimya kimya, mawe yakaonekana tena.

Leo ananiambia, "Mama, mlitupokea kwa heshima, mkatutandikia mpaka nyasi, mimi nikawaaibisha. Hadi leo sielewi kwa nini sikuyaona yale mawe. Nisamehe."

Nambieni, ningeanzia wapi?

Nikasema, "Yameshapita, mzee wangu."

Na chai kanilipia yeye.