Maji ya Karai la Tatu

Jumamosi, tarehe 9 Agosti 2025, nilikuwa nimeinama juu ya sahani ya kioo katika maabara ya chuo ninachofundisha mjini Kitui, nikipima kwa rula ya plastiki duara ambalo halikupaswa kuwepo. Ndani ya sahani mlikuwa na chakula cha bakteria kilichoganda kama uji uliopoa, na juu yake nilikuwa nimepanda bakteria wale wanaopatikana kwenye vidonda, kisha nikaweka vipande vidogo vya karatasi vilivyoloweshwa kemikali zangu. Penye kemikali inayoua, bakteria hawaoti, na karatasi huzungukwa na uwazi safi kama uwanja uliofagiliwa asubuhi.

Kemikali hizo ni za jamii inayoitwa thiosemikabazoni. Jina lake linatisha kuliko kazi ya kuzitengeneza. Unachemsha ndani ya spiriti unga mweupe wenye salfa pamoja na kitu kingine kinachokubali kuungana nao. Mimi nilichagua kile kinachozipa keki harufu ya vanila, na kwa miezi kadhaa wanafunzi wangu walikuwa wakiniuliza kama ninaoka. Kinachotoka ni fuwele za manjano hafifu. Kwa kuwa zina salfa na naitrojeni, fuwele hizo hushika metali kwa nguvu. Ukizipa shaba, huikamata na kugeuka rangi ya kijani iliyoiva. Nilichosoma ni kwamba mara nyingi zile zilizoshika shaba ndizo huua bakteria, na zile tupu huwa dhaifu. Siku hiyo zile tupu zilikuwa zimefagia uwanja karibu sawa na zenye shaba.

Sikuelewa. Pengine ningekaa na kutoelewa kwangu hadi nirudie jaribio, lakini kesho yake ilikuwa zamu yangu ya kwenda Tawa kumwona mama. Sisi humwita Mwaitu, kama Wakamba wengi wanavyomwita mama. Ana ugonjwa wa sukari, na tangu mwezi wa Juni alikuwa na kidonda kwenye kidole cha mguu kilichokataa kupona. Aliniuliza kazi inaendeleaje, nami nikamwambia kwamba nilikuwa nimeona kitu kikiua bakteria wa vidonda, tena kitu cha bei nafuu kisichohitaji hata metali. Aliutazama mguu wake. Nilidhani hakunisikia vizuri.

Wiki iliyofuata nilitengeneza fuwele mpya na kurudia. Hazikuua kitu. Bakteria walikuwa wameota hadi kwenye ukingo wa karatasi. Nikachukua fuwele za awali zilizobaki kwenye chupa, zikaua. Kemikali ni moja, mizani ni ile ile, mikono ni yangu. Msimamizi wa utafiti wangu, mzee mcheshi wa familia ya Kiislamu kutoka Mwingi, alizitazama sahani zote mbili kwa muda mrefu.

“Mwalimu,” akasema, “dawa yako hii inafanya kazi kwa zamu, kama manesi?”

Nilicheka kwa adabu, nikarudi mezani kwangu bila kujua nianzie wapi. Nilishuku mizani, nikashuku bakteria, nikashuku macho yangu. Nilifika mahali pa kuamini kwamba chupa ile ya kwanza ina kitu ambacho nilikitengeneza bila kujua na ambacho sitaweza kukitengeneza tena.

Nikiwa katika hali hiyo, mdogo wangu anayeishi na mama alinipigia simu. Alisema Mwaitu alikuwa amesimama kanisani kutoa ushuhuda kwamba binti yake amepata dawa ya vidonda. Hilo lingeweza kupita. Lakini daktari alikuwa ameshauri kidole kikatwe kabla uozo haujapanda mguuni, na Mwaitu alikuwa amekataa. Alikuwa anakubali kufungwa bandeji tu, huku akingoja dawa yangu.

Nilifika Tawa Jumamosi iliyofuata kabla ya saa sita. Kidonda kilikuwa na harufu. Nilijaribu kumweleza, na kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyojisikia nikipotea, kwa sababu nilikuwa namweleza jambo ambalo mimi mwenyewe sikulielewa. Nilisema kwamba inaua, halafu haiui, halafu inaua tena.

“Lakini si wewe ndiye uliwaua hao wadudu?” akauliza.

“Niliwaua kwenye sahani, Mwaitu.”

“Basi mguu wangu una ugumu gani kushinda sahani?”

Mdogo wangu alitoka nje ili asicheke mbele yake. Mwaitu akaniambia kwa upole kwamba tangu utotoni nilikuwa na tabia ya kudharau kazi yangu nzuri, na kwamba yeye hana haraka.

Baada ya chakula nilienda kuosha vyombo. Nyumbani kwetu vyombo huoshwa kwa makarai matatu: la sabuni, la kuondoa povu, na la kusuuza. Maji ya karai la tatu hayamwagwi. Ndiyo yatakayotiwa sabuni jioni, na yakichoka kabisa hupelekwa kwenye sukumawiki. Nililelewa hivyo, katika miaka ambayo tulichimba mchanga wa mto mkavu ili tupate mtungi mmoja, na hadi leo nikimwona mtu akimwaga maji yanayoonekana safi mwili wangu hushtuka. Niliinua karai la tatu kulisogeza kando. Maji yalikuwa meupe, lakini juu yake palikuwa na utando mwembamba sana wa mafuta, ambao usingeweza kuuona bila kuinamisha karai kwenye jua.

Nilibaki nimelishika. Wiki ya jaribio la kwanza mabomba ya chuo yalikuwa yamekauka, na mtambo wetu wa kusafishia maji haufanyi kazi bila maji ya bomba. Nilikuwa nimesuuza vyombo nilivyotengenezea zile zenye shaba kwa maji safi ya mwisho, na maji hayo ya kusuuzia, yakiwa maangavu kabisa, sikuyamwaga. Niliyaweka kwenye jerikeni. Fuwele za kwanza niliziosha kwa maji hayo.

Nilimwambia mama kwamba huenda hakuna dawa. Akaniuliza kama nina hakika, nami sikuwa na hakika.

“Basi nenda ukahakikishe,” akasema. “Halafu niandikie. Ya simu siyataki, kwenye simu mnanibembeleza. Ukiandika kwa mkono wako kwamba haipo, nitakubali.”

Jerikeni ilikuwa bado chini ya meza. Nilitumbukiza fuwele mpya katika maji yake, na taratibu zikaanza kuvuta rangi ya kijani ambayo haikuonekana ndani ya maji yenyewe. Kisha nikajaribu vyote kwenye sahani. Maji ya jerikeni peke yake hayakuua. Fuwele peke yake hazikuua. Vilipokutana, viliua. Nililiona hilo kwa macho yangu, na kadiri ninavyolifikiria ndivyo linavyonichanganya zaidi. Nilikaa na karatasi siku mbili kabla ya kuandika, nikitafuta namna ya kusema “hakuna” kuhusu kitu nilichokuwa nimekiona. Barua niliyompelekea mwishoni mwa mwezi ilikuwa hii:

*Mwaitu mpendwa,*

*Dawa haipo. Nimeandika kwa mkono wangu, kama ulivyosema.*

*Kilichoua wale wadudu ni shaba iliyojificha katika maji ya kusuuzia ambayo sikuyamwaga. Unajua ni nani aliyenifundisha kutoyamwaga, na sikulaumu. Kemikali yangu iliikamata shaba hiyo na kuiingiza ndani ya wadudu. Kwa nini vitu viwili visivyoua vikishikana vinaua, bado sielewi vizuri, na msimamizi wangu anasema nisiharakishe kujifanya naelewa.*

*Uliniuliza mguu wako una ugumu gani kushinda sahani. Ni kwamba sahani ina wadudu tu. Mguu wako una wadudu na una wewe, na kitu hiki sijui kama kinaweza kuwatofautisha. Kinaweza kuua nyama yako pamoja nao. Kujua hilo kutachukua miaka, na kidole chako hakina hata mwezi.*

*Nakuomba ukubali kikatwe. Kanisani nitasimama mimi niseme, usiwe na wasiwasi na hilo. Nimeomba ruhusa kazini wiki ijayo yote ili nikupeleke hospitali.*

*Mwambie mdogo wangu anipigie leo hii akishakusomea, aniambie umesemaje. Umeningoja sana, Mwaitu. Mimi sitaweza kungoja hivyo.*