Siku Tuliponasa Sauti ya Gari la Taveta

Wewe unayenisikiliza, hebu tuanze na sauti. Gari la moshi likiwa kwenye tambarare, pumzi zake hufuatana upesi hata huwezi kuzitenganisha, kama mvua juu ya bati. Likianza kupanda mlima, pumzi hizo huachana. Kila moja hutoka peke yake, nzito, na kabla ya inayofuata unapata nafasi ya kujiuliza kama itakuja kweli. Nilikulia Voi, katika nyumba iliyo karibu na reli, wakati njia ya kwenda Taveta ilikuwa bado mpya, imejengwa kwa ajili ya vita vikuu vya kwanza. Mama alifariki kabla sijajua kutembea. Baba yangu, Mbwana, alikuwa mtia kuni kwenye injini ya Taveta. Aliondoka alfajiri akinukia sabuni, akarudi kesho yake akinuka moshi, mafuta na jasho, akala, akalala. Mimi na bibi, mama yake baba, tulinong'ona ili asiamke. Kwa hiyo baba niliyemjua hasa alikuwa yule wa mbali. Nilisimama uani, nikageukia upande wa Mwatate, nikaisikiliza injini yake ikipanda mpaka vilima vikaimeza. Watoto wenzangu walikuwa wakicheza. Mimi nilikuwa nikimsindikiza baba.

Msimu mmoja wa vuli, ardhi nyekundu ilipoanza kunuka mvua, baba alituambia kwamba atahamishiwa bara, huko kwenye ziwa, na kwamba mimi nitabaki na bibi. Sikulia. Nilikwenda moja kwa moja kwa Ami Athumani, fundi wa saa pale sokoni, ambaye hakuwa ndugu yetu wa damu ila nilimwita ami kwa kuwa yeye na baba walisoma chuo kimoja cha Kurani. Alikuwa na mashine ya kunasa sauti aliyoitengeneza upya baada ya mwenyewe kuitupa. Haikutumia sahani kama santuri. Ilitumia nta ngumu ya rangi ya kahawia, umbo lake kama gilasi isiyo na kitako. Unatia ufunguo, nta inazunguka, sauti inaingia kwa tarumbeta la bati, na sindano inaichora kwenye nta. Alikuwa amekwisha kunasa nyimbo za harusi na kikohozi cha kadhi. Nikamwomba aninasie gari la baba likipanda.

Bibi aliposikia alicheka hadi akashika mbavu. "Athumani, una wazimu? Nasa maulidi upate thawabu! Gari lina maneno gani?"

"Bibi, gari hili lina mwanao ndani," Ami akajibu. Kisha akanigeukia mimi. "Nta imebaki moja. Mashine hii haina akili, yachukua kila kitu. Ukikohoa, itachukua kikohozi. Ukisema neno moja, umeharibu."

Tukakubaliana tusimwambie baba, tumsikilizishe jioni moja kabla hajahama. Siku yenyewe tulitangulia kwa miguu hadi pale njia inapojipinda na kuanza kupanda, mlima Ndara ukiwa nyuma yetu na ukungu umefunika vilima vya Taita mbele. Manyunyu yalikuwa yakianguka. Ami alijificha na mashine ndani ya kichaka, akafunika tarumbeta kwa kanga ya bibi isilowe, akaacha mdomo wake tu utazame reli. Mimi nilisimama nje ya kichaka ili nimpe ishara, kwa sababu nta ile ilidumu muda mfupi sana, kama wa kunywa kikombe cha kahawa. Gari lilipotokeza kwenye kona, nikainua mkono.

Lilikuja kwa shida. Pumzi moja. Nyingine. Kisha, mbele yetu kabisa, magurudumu yakateleza juu ya reli zilizolowa, yakazunguka bure, na gari likasimama. Injini ina mrija wa kumwaga mchanga mbele ya magurudumu ili yashike, lakini siku ya mvua mchanga hulowa na mrija huziba. Hapo mtia kuni hushuka na ndoo, akatangulia kwa miguu akiumwaga kwa mkono. Baba akashuka. Akaja akimwaga mchanga, hatua kwa hatua, mpaka akanifikia.

"Mwanaisha! Mama, wafanya nini huku na mvua?"

Niliuma ncha ya mtandio wangu. Nta ilikuwa ikizunguka.

"Mama, hunijibu?" Alinitazama, maji yakimtiririka usoni. Dereva akapiga honi. "Haya," baba akasema polepole, "umenuna." Akapanda. Gari likashika, likaondoka.

Aliporudi kutoka Taveta kesho yake alikuta amri mpya: gari la bara lilikuwa stesheni, na apande hilo hilo. Mimi nilikuwa chuoni. Bibi alimpelekea sanduku lake, na kwa kulia hakukumbuka kueleza lolote.

Watu wa reli walikuwa na desturi ya kupelekeana salamu kwa mdomo, gadi, msimamizi wa gari moja, akimpa gadi wa gari jingine, mpaka zimfikie mwenyewe. Mvua zilipokwisha, gadi mmoja aliniita kutoka dirisha la gari lake lililosimama stesheni. "Wewe ndiwe wa Mbwana? Baba yako auliza, bado umenuna?" Nikamwambia, "Mwambie sikununa. Mwambie ilikuwa mashine." Alitikisa kichwa, gari likaondoka. Sijui salamu hizo zilifika wapi. Zake zilikuja kwa muda, kisha zikakoma, na baadaye tukaletewa sanduku lake, bila yeye.

Ami alinikaribisha dukani kila nilipotaka kusikiliza. Baba akiuliza, "Hunijibu?" nilisema, "Naam, baba," katika kimya kile nilichokiacha mwenyewe. Lakini kila ukiisikiliza nta, sindano huila kidogo. Sauti ya baba, iliyokuwa nyembamba, ilikwisha kwanza. Injini, iliyokuwa nzito, ikabaki ikipanda peke yake, nami nikawa na kile nilichokuwa nimekiomba.

Sasa mimi ni mzee, na wajukuu zangu wana redio za kaseti. Hunasa wakitaka, hufuta wakitaka, na mkanda mmoja huzaa mikanda mingine. Magari ya kwenda Taveta yamekuwa machache, na hayapumui tena, yananguruma tu. Wajukuu huniuliza namna nzuri ya kunasa sauti ya mtu. Weka mashine karibu, nawaambia, mahali pasipo na upepo, uiwashe kabla hajaanza kusema. Na akikuita, mwitikie.