Siku Bibi Alipomuulizia Mama Zuhura

Sisi tuliokulia Kisesa enzi zile tulicheza rede mpaka vumbi likatupaka kope, tukaitwa kula samaki furu wa kukaanga huku miguu haijanawa. Kila mtu mzima alikuwa na jina la ukoo: mama mkubwa, shangazi, mjomba, baba mdogo. Ukikosea, unazabwa kibao.

Mwaka mama alipojifungua mdogo wangu, bibi mzaa baba alikuja na meli kutoka Bukoba, na kapu la senene, wale panzi wa kuliwa. Kiswahili chake kilikuwa cha kuokoteza. Asubuhi moja rafiki yangu Zuhura alikuja kuniita tukacheze. Akamwamkia bibi, bibi akaitikia marahaba kwa furaha, kisha akamuuliza kwa sauti ya upole kabisa: "Nyoko hajambo?"

Zuhura akaangua kilio, akatimka.

Haukupita muda, mama yake, fundi cherehani wa nyumba ya pili, akaingia uani na utepe wa kupimia shingoni. "Bibi, mwanangu amekukosea nini hata umtukane matusi ya mama?" Majirani wakajaa mlangoni. Bibi akawa anatabasamu tu, haelewi. Baba ndiye aliyelazimika kumweleza mama yake mzazi, kwa Kihaya, neno lile huku lina maana gani. Alilisema akiangalia chini. Bibi alijifunika uso kwa kitenge, akaingia ndani.

Kuanzia hapo hakutamka tena Kiswahili. Akiamkiwa, anatikisa kichwa. Mimi shuleni waliniimbia neno lile mpaka nikawa napita njia ya nyuma, kwenye mashamba ya pamba, nisionekane. Nilimwonea aibu bibi yangu, na kuona aibu huko kulinitia aibu zaidi.

Siku chache baadaye, mama ndiye aliyekwenda kwa fundi kumweleza kwamba kwa Kihaya "nyoko" ni "mama yako", basi. Wala hakuna njia nyingine ya kumuulizia mama wa mtu. Nilikuja kusikia ukubwani kwamba hata Waswahili wa kale walilitumia vivyo hivyo. Midomo yetu ndiyo iliyolichafua.

Jioni ile Mama Zuhura alikuja na sahani ya vitumbua. Alikuwa amemfokea mkwe wa watu mbele ya mtaa mzima, na uso wake ulionyesha majuto. Akapiga magoti.

"Shikamoo, mama. Uliniulizia hali, sikukujibu. Sijambo. Nisamehe."

Bibi akamshika mikono. "Marahaba, mwanangu," akasema kwa Kiswahili, akamvuta akae naye mkekani.

Wanangu leo wana maneno mawili tu, anko na anti, na yanawatosha kuanzia ndugu wa damu hadi mwenye duka. Juzi msibani huko Magu, binti yangu, mkubwa wa kuweza kuolewa, alimsalimia mtoto wa baba yangu mdogo: "Mambo, anko."

Yule bwana akauliza taratibu, "Anko wa wapi? Mimi ni baba yako mdogo."

Binti akacheka, akarudi kwenye simu. Wazee wakanigeukia mimi, siyo yeye. Nikakaa pale nikichezea kifungo cha shati. Mimi na yule baba yake mdogo tulilala kitanda kimoja utoto wetu wote, na sikuwahi kumwambia binti yangu.