Fundi Aliyemuua Mzee Watakuja

Saa mbili kasoro asubuhi, na Chrispinus Shitanda ameshakasirika.

Anaranda kipande kirefu cha mkaratusi mbele ya karakana yake ndogo katika soko la Shinyalu, Kaunti ya Kakamega. Maranda yanamwangukia miguuni, mengine yananasa kwenye sweta. Pikipiki zikipita hapo zinapunguza mwendo, na waendeshaji wanapaza sauti: "Mzee Watakuja! Pole na msiba wako!"

Shitanda hainui kichwa. Anasukuma randa kwa nguvu kuliko mbao inavyohitaji.

"Wananiitanga jina la mtu aliyekufa," anasema. "Tena nilimuua mimi mwenyewe, mbele ya watu. Lakini wapi!"

Shitanda, mwenye umri wa miaka 54, ni seremala. Anatengeneza vitanda, milango, viti vya kanisa, na majeneza inapobidi. Lakini kwa miaka minane, kila Jumamosi jioni, amekuwa akishuka Kakamega mjini kuigiza katika redio moja ndogo ya hapo. Hulipwa shilingi mia saba kwa kipindi. Nauli ikitoka, inabaki ya sukari na majani chai.

Huko ndiko alikozaliwa Mzee Watakuja.

Mzee huyo wa kubuni anakaa nyumba inayovuja. Mvua ikinyesha, anaweka karai chini ya tundu. Karai likijaa, anamwita mkewe alimwage. Tundu likipanuka, anatafuta karai kubwa zaidi. Ngazi anayo. Mabati anayo, yameegemea ukutani tangu kipindi cha kwanza. Mkewe akimuuliza ataziba lini, anajibu maneno mawili tu: "Watakuja tu."

Nani watakuja? Kwa miaka minane hakusema, na wasikilizaji hawakuacha kubishana. Wengine walisema anangoja serikali. Wengine walisema ni wanawe walioko Nairobi. Mama mmoja wa Shianda alipiga simu redioni akaapa kwamba mzee anangoja malaika, na akataka aachwe na imani yake.

"Mimi nilimtunga ili watu waone aibu," Shitanda anasema, akipuliza vumbi kwenye mbao. "Nilidhani mtu atasikia, ajiangalie, aseme kumbe ni mimi. Kweli walisema ni wao. Wakafurahi!"

Hapo ndipo uchungu wake ulipo. Watu walimpenda mzee yule kupita kiasi. Kuna kibanda cha chai sokoni kinachoitwa Watakuja. Kuna fulana zenye picha ya karai. Padri mmoja alimtaja katika mahubiri, akasema yule ni picha ya roho zetu. Kanisa zima likacheka na kupiga makofi, halafu likaenda kula chakula cha mchana.

Mwalimu Wanzala, mstaafu ambaye hukosa vitu vingi lakini si kipindi hicho, anasema Shitanda hakutunga kitu. "Alituchungulia tu dirishani. Sisi hatukosi nguvu. Hatukosi hata mabati. Tulichokosa ni ile roho ya kuamini kwamba mwenye kuziba ni mimi. Tumempa mtu mwingine matumaini yetu atutunzie, na hatujui hata jina lake. Hiyo ndiyo Kenya yetu, na mzee wa karai ndiye picha yake."

"Sasa ukishajua hivyo, Mwalimu, unafanya nini?" Shitanda anamuuliza. Mwalimu Wanzala anacheka, anaomba kiti.

Yote haya yangebaki maneno ya sokoni kama si daraja.

Kati ya soko na boma la Shitanda kuna kijito. Daraja lake la miguu lilikuwa magogo mawili na mbao juu. Mwaka juzi, mvua za Novemba zilivunja gogo moja. Kutoka siku hiyo watu walivuka kwa gogo lililobaki, mikono wameitandaza hewani. Mke wa Shitanda, Navalayo, mchuma majani chai, aliteleza Oktoba iliyopita akavunjika kifundo cha mkono. Alipelekwa hospitali ya Mukumu akafungwa plasta, na msimu mzima wa kuchuma ukampita. Hapo hapo ndipo mjukuu wao, Mitchel, wa Gredi ya Tatu, anapovuka kwenda shule kila asubuhi.

"Yule mtoto ni wa marehemu binti yangu," Shitanda anasema. Randa inasimama kidogo. "Ndiye alituachia. Kila nikiona mawingu, namfikiria yeye."

Shitanda akaandika barua. Akaenda ofisini mara tatu. Ofisi ipi, anakataa kusema, maana anasema akitaja moja atakuwa ameionea, kwani zote ni zilezile. Mara ya kwanza karani aliinua macho, akamtambua kwa sauti, akaruka kutoka kitini.

"Mzee Watakuja mwenyewe! Hebu sema! Sema kidogo tu!"

Wakatoka wote vyumbani. Wakapiga naye picha, mmoja mmoja, kisha kwa kikundi. Alipowakumbusha habari za daraja, karani alimpigapiga begani. "Mzee, si wewe ulisema watakuja?"

Ofisi nzima ikaangua kicheko. Barua ikaingia kwenye faili, na faili likaingia kabatini.

Alitangaza kanisani pia, akaomba watu wajitokeze Jumamosi na mapanga. Alipofungua tu mdomo, watu walianza kucheka. Walidhani ni kionjo cha kipindi kijacho. Jumamosi hiyo alijikuta yeye na mbuzi wa jirani.

"Miezi kumi na tano!" Shitanda anasema, na sasa ameweka randa chini kabisa. "Nilikuwa nampigia mbuzi gitaa. Na mbuzi anacheza!"

Mwezi wa pili mwaka huu akaamua: mzee lazima afe.

Milcah Andati, mtayarishaji wa kipindi hicho, anakumbuka Shitanda alivyoingia studio amevimba kwa hasira. "Nilimwambia, Baba, huyo ndiye anatuletea matangazo. Akasema, basi yazikeni pamoja. Nilibembeleza wee, hakusikia."

Katika kipindi cha mwisho mvua kubwa ilinyesha. Karai lilijaa. Mzee aliita, mkewe hakuitika, maana alikuwa amechoka akarudi kwao. Mzee akasema maneno yake mawili, na paa likamwangukia. Basi. Hakukuwa na wimbo wa kufunga.

Shitanda alirudi nyumbani akalala usingizi mtamu. Alidhani amemaliza.

Jumapili simu haikutulia. Jumatatu asubuhi, Navalayo alisikia watu wanapaza salamu kutoka ng'ambo ya kijito: "Mulembe! Mulembe huko!" Alipotoka akaona akina mama wamebeba unga, sukari na kuku, wamejifunga leso, wamekuja kuhani.

"Nilifikiri wanatania," Navalayo anasema. "Wengine walikuwa wanatania. Lakini kulikuwa na bibi mmoja analia machozi kabisa. Akaniambia, kifo cha mume wangu hakikuniuma hivi. Huyu nilikuwa nakaa naye kila Jumamosi."

Kufikia Jumanne kulikuwa na kamati ya mazishi. Lo! Kamati, kwa mtu ambaye hajawahi kuwa na mwili. Wazee walikaa wakajadili hilo kwa makini. Huku, mtu akipotea na mwili usipatikane, huzikwa mgomba mahali pake, ili jina lake lipumzike na walio hai waendelee na shughuli zao. Wakakubaliana: Mzee Watakuja atazikwa kwa mgomba, Jumamosi, bomani kwa Shitanda.

Kisha mwenyekiti wa kamati akauliza swali ambalo Shitanda amekuwa akiuliza kwa miezi kumi na tano.

"Wageni watapita wapi?"

Anayewajua watu wa huku anajua kinachofuata. Barabara inaweza kulala na mashimo miaka kumi, lakini kukitokea msiba, mashimo yanazibwa, vichaka vinafyekwa, njia inapanuliwa kabla jeneza halijafika. Haiwezekani marehemu apite pabaya. Walio hai wao wapite tu.

Jumatano asubuhi wanaume arobaini na watatu walifika kijitoni na mapanga, mashoka, kamba na misumari. Shitanda aliwahesabu, kwa hasira. Mikaratusi mitatu ikaangushwa. Magogo yakavutwa kwa wimbo. Wanawake wakapika obusuma, yaani ugali, na kunde ukingoni.

Shitanda alichukua nyundo yake akashuka mbio kusaidia. Wakamzuia.

"Wewe ni mfiwa," mmoja akamwambia. "Mfiwa hashiki nyundo."

"Tena si mfiwa tu," mwingine akadakia. "Ndiye marehemu! Marehemu anafanyaje kazi kwa matanga yake?"

Wakamletea kiti. Akakalishwa kivulini na kikombe cha chai, fundi mwenye uzoefu wa miaka thelathini, akitazama watu wakipigilia misumari vibaya. Anasema hajawahi kuteswa vile.

"Siku mbili!" anasema, na sauti inapanda mpaka mama muuza nyanya wa jirani anageuka. "Siku mbili tu daraja likasimama! Kumbe nguvu zilikuwapo. Kumbe kamba zilikuwapo. Nilipowaomba kwa ajili ya mtoto anayepumua, walicheka. Kwa ajili ya mtu ambaye hajawahi kuwapo, wamelala na matope! Niambie, mimi nimshukuru Mungu au nilie?"

Usiku wa matanga alikuwa bado anafoka hivyo hivyo jikoni, wakati Navalayo alipomkata kauli.

"Na wewe ulikuwa unangoja nani?" alimuuliza.

Shitanda akajibu kwamba gogo la mkaratusi halibebwi na mtu mmoja. Kidole kimoja hakivunji chawa.

"Gogo sawa. Na mbao za kushikilia? Hizo pia zinahitaji watu arobaini? Wewe ni seremala, Baba Naliaka. Mimi nilianguka kwa sababu sikuwa na mahali pa kushika. Ulikuwa na mbao karakana, una misumari, una msumeno. Uliandika barua."

Naliaka ndilo lilikuwa jina la binti yao aliyefariki.

"Nilienda nje nikakaa," anasema polepole. "Watu huniuliza yule mzee nilimtoa wapi. Nilikuwa nawaambia nimemtoa kwa majirani."

Mgomba ulizikwa Jumamosi kwa heshima zote. Watu walikula, wakaimba, wakahutubia, wakavuka daraja lao jipya kurudi makwao. Lakini daraja halikuwa limeisha. Mbao za kushikilia zilipigiliwa upande mmoja tu. Ijumaa jioni walipotaka kuanza upande wa pili, turubai lilifika, watu wakaenda kulisimamisha, na baadaye chakula kikawa tayari. Mazishi yalipokwisha, kazi nayo ikaisha. Mbao zilizobaki zililala kwenye nyasi siku tano, kisha mtu akazifanya kuni.

Hiyo ni wiki mbili zilizopita. Mvua za masika zimeanza, kijito kimepanda na kuwa na rangi ya chai ya maziwa, na kila asubuhi Mitchel na wenzake wanavuka wakisukumana upande ule ulio wazi.

Juzi Shitanda alimkumbusha mzee wa mtaa. Mzee wa mtaa, ambaye alisoma wasifu wa marehemu kwenye mazishi, akamtuliza.

"Usijali, Shitanda. Watakuja kumalizia."

"Hakucheka!" Shitanda anasema. "Nilimwangalia usoni nione kama anatania. Alikuwa anamaanisha. Hakusikia hata alichosema! Tulizika mgomba bure. Yule mtu yuko, anatembea, anakunywa chai."

Ndiyo maana leo anaranda. Kipande hiki cha mkaratusi si cha kitanda wala cha jeneza. Ni cha nne na cha mwisho. Vitatu vingine viko tayari, vimefungwa kwa kamba ukutani, pamoja na nguzo sita fupi. Ametumia mbao alizokuwa ameweka kwa oda ya mlango, na mwenye mlango ameambiwa asubiri. Alipouliza mpaka lini, Shitanda alikaribia kumjibu kwa yale maneno mawili, akajiuma ulimi.

Redio nayo inataka mzee afufuke. Milcah anasema simu za wasikilizaji hazijakoma. Shitanda amekataa, lakini ana wazo jingine. Anataka kutunga kipindi cha mke wa mzee, yule aliyerudi kwao. "Huyo alibeba karai miaka minane na hakuna mtu alimuuliza jina. Nataka nione akipanda ngazi. Watu wakicheka, wacheke. Lakini yeye apande."

Saa tatu na nusu anaweka randa kando. Anatia misumari mfukoni, nyundo kiunoni, na kuinua mzigo wa mbao begani. Ni mrefu kuliko yeye mara mbili, na nyuma unaburura vumbi.

Willis Simiyu, mwendesha bodaboda wa makamo, ndiye aliyekuwa wa kwanza kumpigia kelele asubuhi. Sasa amekaa juu ya pikipiki yake akingoja abiria. Anamwona Shitanda anapepesuka na mzigo.

"Mzee Watakuja! Unapeleka wapi hiyo yote?"

"Darajani."

"Peke yako? Si ungoje tu Jumamosi? Watu wata..."

Willis ananyamaza katikati ya neno. Shitanda amesimama, anamtazama, na kwa mara ya kwanza asubuhi hii hana hasira usoni. Amechoka tu, na jasho linamwingia machoni.

"Shika huku nyuma," anamwambia.

Willis anaangalia kushoto, anaangalia kulia. Kisha anachomoa ufunguo wa pikipiki, anashuka, na kuinama kushika mbao.