Mama Furaha Hakuwa Kazini

Siku yangu ya kwanza katika ofisi za halmashauri, mkuu wa kitengo alinionyesha mashine ya kahawa, kisha akaniambia madiwani si waajiriwa wetu. "Ni förtroendevalda," alisema, yaani watu waliochaguliwa kwa kuaminiwa. Mimi, wa darasa la saba na kozi za jioni, niliitikia tu. Nilipewa kushughulikia posho na bima zao. Sijui kama naeleza sawasawa, lakini vijana mnaogombea huku Stockholm, sikilizeni.

Madiwani wengi wana ajira nyingine. Mama Furaha, mzaliwa wa Bukavu, alikuwa mhudumu wa wazee. Alipunguza saa zake ili aweze udiwani, na akiugua, mwajiri hakuzilipia saa hizo. Pengo hilo lilizibwa na bima ya halmashauri, ambayo ilihesabu hata safari ya kwenda kikaoni kuwa kazi.

Akateleza kwenye barafu mtaani Bredäng, akielekea kikaoni. Nyonga ikavunjika. Afisa wa bima akampigia simu: ulikuwa kazini? Akajibu hapana. Dai likakataliwa.

Nikamfuata hospitali.

"Mama Furaha, mbona ulikana?"

"Kaka, kazi yangu ni wazee. Udiwani ni kutumikia watu. Nikiita kazi, walionichagua watasema nimekuja kula."

"Na kodi ya nyumba utailipa kwa utumishi?"

"Wewe Mtanzania una mdomo," akasema, akacheka, kisha akashika nyonga. "Sitaweza kuinua mgonjwa tena, daktari amesema."

Nilipoomba dai lifunguliwe upya, mkuu wangu alikataa mwanzoni. "Amejibu mwenyewe. Tukimbadilishia maneno, tumedanganya."

Hapo alikuwa sahihi. Nikasema, "Basi aulizwe upya, alikuwa anakwenda wapi." Akafikiri, akampigia afisa wa bima yeye mwenyewe.

Afisa alipompigia Mama Furaha tena, nilikuwepo hospitalini. Mama Furaha alinitazama. Nikageukia dirishani, nisimtie neno mdomoni.

"Nilikuwa nakwenda kikao cha kamati ya shule," alisema. "Kama ninyi mnaita hiyo kazi, andika kazi."

Bima ikakubali.

Nimestaafu sasa, na bado najiuliza kama nilimsukuma mno; aibu yake ilikuwa ya kweli. Lakini kwa hili siyumbi: ukichaguliwa, kabla ya kupokea pongezi, uliza ukianguka utalindwa na nani. Mkiona haya kuuliza, udiwani utabaki wa wenye akiba benki.