Daraja la Pumba

Nianze na upumbavu wangu, nisije nikatanguliwa na majirani: utotoni niliwahi kujenga daraja kwa pumba za mpunga, nikalikanyaga mwenyewe, nikazama hadi kiunoni mbele ya nusu ya mtaa. Mpaka leo nikinusa pumba zilizolowa, ule uchachu kama wa togwa iliyosahaulika, masikio huniwaka moto. Na hapa Ifakara harufu hiyo utaikwepea wapi, mashine za kukoboa ziko kila upande?

Tulikaa Kibaoni. Mbele yetu palikuwa na barabara, halafu mtaro mkubwa wa maji ya mvua, halafu bustani ya mtaa, yenye nyasi, mabenchi ya saruji, bembea ya tairi na kivuli cha kutosha akina mama kusuka ukili na kusutana. Kiangazi mtaro ulikauka, mtu akashuka na kupanda apendavyo. Masika ulijaa maji meusi, na kivuko kikawa gogo moja linaloteleza kama kambale, tena pale penye kona ambako malori ya mpunga hukutokea ghafla. Vijana waliruka. Wakubwa walivuka viatu mkononi. Bibi yangu, aliyeletwa bondeni na ndoa kutoka Mahenge, alikuwa na goti lililogoma kukunjika. Wanasema mwenda pole hajikwai, lakini gogo lile halikujua methali. Basi masika ile Bibi alibaki barazani, anasikia wenzake wakicheka ng'ambo, anajibu utani wao kwa kupaza sauti, na nusu ya majibu yake inamezwa na malori. Polepole akaacha kujibu. Hapo ndipo nilipoogopa.

Kwetu tope likizidi uani humwagiwa pumba, unapita mguu mkavu. Nikawaza, kama pumba zinatosha njia ya chooni, mtaro una nini? Nilisomba kwa gunia kutoka mashineni, nikamwaga hadi maji yakapotea machoni. Paling'aa kama zulia la harusi. Nikamwita Bibi, naye akaja taratibu na fimbo yake.

“Mume wangu,” akaniuliza, maana ndivyo alivyonitania, “njia hii umeipima?”

“Nimeipima, Bibi.”

Nilikuwa nimeipima kwa macho. Nikatangulia kwa maringo ya bwana harusi, na maji usiyoyafika hujui wingi wake. Aliyenivuta kwa ukosi wa shati ni Mama Koleta, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta. Wanaume waliokuwa wamekaa kando ya gogo walikuwa wanajishika mbavu.

“Mnacheka nini?” akawageukia. “Angetangulia huyu bibi, sasa hivi mngekuwa mnachonga jeneza.”

Jumamosi ukapigwa msaragambo, mtaa mzima ukatoka kufanya kazi. Kidole kimoja hakivunji chawa: huyu alileta matofali ya kuchoma, yule mbao, mwingine mianzi ya kushikilia. Walikihamisha kivuko kutoka konani hadi mahali ambapo dereva anakuona tangu mbali, wakakitandaza kipana, kikashuka kwa mteremko bila ngazi. Mimi nilikatazwa kugusa chochote. Bibi ndiye aliyevuka wa kwanza, barabara nzima imesimama, na dereva mmoja wa lori akazima injini. Nilidhani atalia. Alipofika benchini alichukua mkeka wa mwenzake, akautazama, akasema umesukwa kama kiota cha kunguru. Nikajua amepona.

Siku hizi pale ni zege, vyuma vya kushikilia, tuta la kupunguza mwendo na michoro myeupe juu ya lami. Mtu wa kiti cha magurudumu anaingia bustanini bila kumwomba mtu mkono. Kila nikiona hivyo nawashukuru wale waliobeba matofali mabegani, hata waliocheka. Ila nawashukuru nikiwa barazani, maana kwa uvivu wangu kutoka nyumbani ni safari ya kufunga mizigo. Jana Mama Koleta, ambaye sasa naye anatembelea fimbo, alipita akielekea bustanini. Nikampa shikamoo, nikamweleza jinsi ninavyoipenda bustani ile. Akanitazama juu mpaka chini.

“Marahaba. Endelea kukaa ndani kama mpunga wa mbegu, panya wakumalize.”